Uzi Usio na Mwenzake

Kama unatafuta hadithi ya kubuni, nenda kwa wanaojua kubuni. Mimi najua kusokota sufu tu, na haya ninayokusimulia yalinipata mwenyewe, hapa hapa Kalemie, kwenye baraza la nyumba ninayoishi mpaka leo. Wala haikuwa usiku. Watu wakisikia mambo haya huuliza upesi, "Ilikuwa saa ngapi za usiku?" Utadhani wafu hawaijui njia mchana! Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, na mahindi yangu yako motoni.

Lakini nisikimbie. Ili unielewe, kwanza lazima uujue uzi.

Najua unacheka. Kalemie na joto lake lote, nani anavaa sufu? Nimechekwa sana kwa sababu hiyo. Basi nenda ukasimame mlangoni pa maternite yoyote, pale akina mama wanapojifungulia, uone watoto wanavyotolewa: kofia ya sufu, triko ya sufu, yaani sweta, soksi za sufu, jasho linawatiririka, na bibi zao bado wanauliza blanketi liko wapi. Mtoto mchanga kwetu hatoki nje bila triko. Hao ndio wateja wangu. Wengine hununua uzi wa dukani, ule unaowasha shingo. Wanaojua huja kwangu.

Sufu yangu inashuka kutoka Pepa, kule juu Marungu kwenye baridi, ambako baadhi ya wafuga ng'ombe wana pia kondoo wachache wenye manyoya marefu. Madereva wa malori huniletea gunia. Naichambua, natoa majani na takataka, nabakiza ya shingoni na mabegani maana ndiyo laini. Naiosha kwa maji ya vuguvugu bila kuisugua, kwani ukiisugua inagandamana na imekwisha hiyo. Naianika kivulini, naichana, kisha nakaa barazani na kijiti changu chenye kibao cha duara chini yake. Nakizungusha, kinaning'inia, na kinapozunguka kinavuta sufu vidoleni mwangu na kuifanya uzi. Mikono yangu ikiwa imetulia, uzi unatoka mwembamba mpaka unautafuta kwa macho.

Sasa sikiliza vizuri. Uzi mmoja peke yake haufai. Una hasira. Ukiulegeza unajikunja wenyewe kama nyoka aliyekanyagwa, na ukiufumia nguo, nguo inapinda upande. Ndiyo maana nasokota nyuzi mbili, halafu nazizungusha pamoja kwa kinyume, hasira ya huu inatuliza hasira ya ule. Mama mmoja wa Pepa aliyenifundisha kazi hii aliuita uzi wa mapasa, yaani uzi wa pacha. Lishike neno hilo.

Alinifundisha kambini Katanika, tulipokuwa wakimbizi. Mimi ni Mbembe, mtu wa ziwani, lakini vita vilinikuta Nyunzu nikiuza samaki wakavu. Nilifika Katanika na nguo niliyovaa. Hema la bashi, yaani turubai, nililopata niligawana na mwanamke Muluba, Mama Furaha, na binti yake Furaha, aliyekuwa bado msichana mdogo. Tulipika chungu kimoja. Nilipoharisha mpaka miguu ikaniishia nguvu, Mama Furaha alinibeba mgongoni kama mtoto mpaka kwa madaktari, na kila tulipopumzika njiani alinitukana ili nisilale. Ndugu wa tumbo moja hangenifanyia zaidi ya hapo.

Mimi sina mtoto. Mimba nilizipata, hazikukaa. Na kwetu unajua, mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Asiye naye anabaki kuitwa "yule mama wa pale". Ni Mama Furaha aliyeniondolea aibu hiyo. Siku moja aliniona nimepakata sufu mapajani, akasema kwa sauti ili hema za jirani zisikie:

"Weye mutoto wako njo ile lene! Tutakuita Mama Lene."

Njo kwetu ni ndiyo, na lene ni sufu, kwa midomo yetu ya Kalemie iliyozoea Kifaransa. Watu wakacheka, jina likakaa. Nililipenda jina lile kuliko nilivyomwambia.

Basi miaka ikapita, tukahamia mjini wote wawili, kila mmoja na lupango lake la kupanga, nyumba na ua wake. Furaha akaolewa, akapata mimba. Unadhani ningeacha? Nilianza kumchagulia sufu tumbo halijaonekana. Lakini siku za kujifungua zilipofika, Mama Furaha akawa kimya. Hakuniita maternite. Nikasikia tu kwa watu kwamba wamekwisha kurudi nyumbani. Siku chache baadaye akaja kwangu, macho mekundu.

"Furaha amejifungua?" nikamuuliza.

"Amejifungua. Mutoto mwanamuke. Anaitwa Grasi."

"Na mimi nasikia kwa majirani?"

"Mambo ilikuwa mingi, Mama Lene. Usikasirike."

"Haya. Na macho yako je?"

Akaangalia chini. "Muntu wetu mumoja ameenda kutafuta kuni. Hajarudi."

Nani aliyeishi Katanika asiyejua maneno hayo? Wanawake walikuwa wanakwenda porini kutafuta kuni, wengine wakarudi wamepigwa, wengine hawakurudi. Nikajua ni ndugu yake fulani aliyebaki kule. Nikamshika bega, nikamwambia kwa moyo wangu wote, "Usijali. Atarudi."

Naapa, alishtuka. Aliniangalia kama mtu aliyemwagiwa maji. Mimi nikadhani ni huzuni.

Kisha akasema alichokuja kusema. Alitaka triko na kofia ya mtoto, na alitaka nizifanye upesi.

"Lakini usifanye na uzi wa mapasa," akasema. "Fanya na uzi mumoja tu."

"Itapinda."

"Acha ipinde."

"Mama Furaha, mutoto wa kwanza wa Furaha, nimuvalishe nguo imepinda? Watu watasema nimezeeka."

"Joto, Mama Lene. Nataka kitu chepesi. Na weye mwenyewe njo utamuvalisha. Asivalishwe na mwingine."

Hapo ndipo aliponipata. Kumvalisha mtoto triko yake ya kwanza ni heshima ya bibi. Mimi, nisiye na mtoto, naambiwa nimvalishe mjukuu! Nililia mbele yake. Kama ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini yeye halii pamoja nami.

Nikasokota uzi mmoja. Nikafuma. Nguo ikapinda, kama nilivyosema. Nilipomvalisha mtoto kwenye kitanda cha Furaha, triko ikavutika yote upande wa kushoto, kana kwamba kuna mtu amelala pembeni yake anaivuta. Nikacheka, nikainyoosha, ikarudi kulekule. Furaha alikuwa amegeukia ukutani. Mama Furaha akafanya ishara ya msalaba, akashusha pumzi ndefu, akasema, "Sasa imekwisha." Nikarudi nyumbani nikiimba.

Kuanzia wiki ile, nyuzi zangu zikaanza kuachana.

Nieleze vipi? Jioni naunganisha nyuzi mbili, nazizungusha, zimekaa vizuri, nazifunga. Asubuhi nakuta ziko mbili tena, zimenyooka sakafuni, moja huku, nyingine kule. Nikasema ni unyevu wa ziwa. Nikasema kondoo wa mwaka huu ni wabaya. Nikalaumu vidole vyangu, nikavipaka mafuta ya mawese, nikaviombea kanisani. Mama mmoja akanirudishia kofia iliyofumuka kichwani mwa mtoto, akaiweka mbele yangu. Akaja mwingine. Usiku nilikuwa nalala nikiwaza, je, mikono hii ikikataa, nitabaki na nini? Sina mume, sina mtoto, sina shamba. Hata jina langu ni la uzi. Uzi ukinikataa, mimi ni yule mama wa pale.

Ndipo ikaja ile mvua.

Nilikuwa barazani, nimeweka mahindi kwenye mbabula, jiko langu la makaa, najaribu tena kuunganisha nyuzi. Mwanamke akasimama kwenye ngazi, kitenge cha zamani, mtoto mgongoni amefunikwa mpaka kichwani.

"Hodi, Mama Lene."

"Karibu, mama. Ingia, mutoto atalowa." Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi siku hizo nilihitaji kupona.

Akakaa kwenye kigoda wanachokalia wateja. Hakusema lolote kuhusu mvua. Alitazama mikono yangu.

"Zinaachana," akasema.

"Zinaachana, mama. Sijui nimekosa nini."

"Weye njo ulianza kuziachanisha."

Sikupenda maneno yale, lakini mgeni ni mgeni. Nikamuuliza amekuja kwa shida gani.

"Nimekuya kuchukua triko ya mutoto."

"Labda nimesahau. Uliniagiza lini?"

"Siye mimi niliagiza. Ya mwenzake ulifanya. Yake iko wapi?"

Nikafikiri ni mtu wa kuchanganyikiwa. Vita vimetuachia wengi. Nikaona nimhurumie. Nikamwambia, haya, nionyeshe mtoto nichukue kipimo. Akamgeuza mbele. Mtoto mdogo sana, macho yamefumba. Nikachukua kipande cha uzi, nikazungusha kichwa chake, nikafunga fundo pale ncha zilipokutana. Kichwa kilikuwa baridi kama mchanga wa ziwani alfajiri. Nikajiambia ni mvua.

Mimi nina mchezo wangu na watoto wachanga. Nachukua kishungi cha sufu laini kuliko zote, nakiweka karibu na pua. Pumzi ya mtoto inakitikisa, mama anacheka, na hapohapo anaona sufu yangu ilivyo nyepesi. Nikakiweka.

Hakikutikisika.

Nikangoja. Nikakisogeza mpaka kikagusa mdomo. Mvua inapiga mabati, upepo unapeperusha kitenge changu, na kile kishungi kimetulia kana kwamba kimefungiwa ndani ya sanduku.

"Anaitwa nani?" nikauliza. Sauti yangu sikuijua.

"Kyungu."

Hata sisi watu wa ziwani tunalijua jina hilo. Kwa Waluba pacha wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange. Hakuna Kyungu bila Kabange.

"Alienda kutafuta kuni," yule mwanamke akasema, polepole, kama anayemfundisha mtoto. "Amerudi. Anasikia baridi. Na weye mwenyewe njo ulisema atarudi."

Mahindi yakaanza kuungua, moshi ukanipiga machoni, nikageuza kichwa. Nilipokirudisha, kigoda kilikuwa kitupu.

Utasema niliota. Basi nieleze hili. Barazani pangu sufu inaruka kila mahali. Kila anayekaa kwenye kigoda kile anaondoka na nyoya matakoni, na mimi huwacheka. Nilikiangalia kigoda. Sufu ilikuwa imetandazwa juu yake laini, kama unga uliochekechwa sasa hivi, haijaguswa. Na mkononi mwangu uzi wa kipimo, na fundo lake. Ninao hadi leo. Uje, nitakuonyesha.

Nikatoka na mvua yangu kichwani, miguu mitupu, mpaka kwa Mama Furaha. Nilipofika dirishani nikasikia sauti ya Furaha ndani, anabembeleza: "Nyonya basi, Kabange. Nyonya, mama."

Kabange! Mimi waliniambia anaitwa Grasi.

Nikaingia bila hodi. Nikaweka ule uzi wenye fundo juu ya meza.

"Mwenzake yuko wapi?" nikauliza.

Mama Furaha akatazama fundo. "Nani alikuambia?"

"Kyungu mwenyewe. Amekuja na baridi yake kwangu."

Akakaa chini sakafuni, taratibu, akajifunika uso na kitenge. Sitasema hakulia. Alilia. Akanieleza kwamba kwao pacha akifa hawasemi amekufa, wanasema ameenda kutafuta kuni, maana asipoheshimiwa hurudi kumchukua mwenzake. Wa kwanza alifia maternite. Wa pili akaanza kukataa kunyonya, mwili unapoa. Mzee mmoja wa ukoo wao akawapa dawa ya maneno: mtoto avalishwe nguo ya uzi usio na mwenzake, kwa mkono wa mtu asiyejua kitu. Ukimtenganisha hivyo, aliyekufa atamwacha ndugu yake na kuufuata mkono uliomtenganisha.

"Na ukachagua wangu," nikasema.

"Mama Lene..."

"Mji muzima huu. Ukachagua wangu."

Halafu akasema, na aliamini kabisa kwamba ananifariji: "Weye hauna mutoto. Nilizani atakosa wa kuchukua."

Nimewahi kukimbia risasi. Nimewahi kulala njaa nikitafuna maganda. Hakuna kilichoniingia kama maneno yale. Kumbe miaka yote tulipokula chungu kimoja, alikuwa ameniona hivyo: nyumba tupu, mahali pa kutupia. Nikamtazama Furaha, niliyemsuka nywele tukiwa hema moja, nikitumaini atasema hakujua. Akamgeuza mtoto upande wa pili, titi likamtoka mdomoni.

Na unajua kinachoniuma zaidi ni nini? Angeniomba, ningekubali. Kwa ajili ya mtoto wa Furaha ningeuvaa mzigo ule na macho yangu wazi. Mama Furaha alinibeba mgongoni mimi, ningeshindwa kumbebea yeye? Lakini hakuniomba. Alinifanya nilie kwa furaha, halafu akanitwika.

Nilirudi nyumbani nikasokota. Nilichagua sufu ya shingoni peke yake, nikasokota nyuzi mbili, nikaziunganisha huku nikiziongelesha, nikafuma triko ya Kyungu kwa kipimo cha lile fundo. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na hakuna aliyeiona. Nikaiweka kwenye kigoda. Mvua iliponyesha tena nikaenda jikoni kwa makusudi, niliporudi haikuwepo. Asubuhi yake nyuzi zangu zilikuwa zimeshikana.

Yule mwanamke sijui alikuwa nani. Uso wake siukumbuki hata kidogo. Labda kule nako watoto wanahitaji wa kuwabeba.

Ungependa niseme mambo yaliishia hapo. Hayakuishia, kwa sababu watoto wanakua. Kila Kabange anapozidi nguo zake, nyuzi zangu zinaanza kulegea, nami najua. Namfumia Kyungu triko nyingine, kubwa kidogo. Kipimo nakiiba kwa Kabange, kwa macho, kanisani, kwani Mama Furaha akiniona anavuka barabara na kumficha mtoto upande wa pili wa kitenge. Yeye ndiye anayenikimbia mimi! Alinipa jina la mama, kisha akanipa na mtoto, na sasa hataki hata kunisalimia.

Juzi tulikutana sokoni, kwenye meza za dagaa. Kabange sasa anaongea, ana meno ya mbele yote. Alijichomoa mkononi mwa bibi yake, akaja akanivuta kitenge. Sijawahi kuongea naye hata neno moja, na kwao jina langu halitajwi tena.

"Mama Lene," akasema, "Kyungu anasema mikono ya triko imekuwa mifupi."

Mama Furaha alisikia. Alimnyakua mtoto, dagaa zikamwagika, akaondoka bila kuziokota.

Kwa hiyo wewe unayefuma, ukiletewa kazi ya mtoto mchanga, uliza kwanza: alikuja peke yake? Usione haya. Ukisikia mtu wao ameenda kutafuta kuni, uliza ni kuni gani. Na akikuomba kazi unayojua wewe mwenyewe itapinda, hata kama aliwahi kukubeba mgongoni, weka kijiti chini, usikiguse mpaka akwambie kwa nini. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi hiyo nguo niliifuma kwa mikono yangu, nikaimba njia nzima kurudi nyumbani.